Anaongea Vizuri, Hesabu Haisomi: Kufundisha Kikorea kwa Watoto wa Darasa la Tano na la Sita

Ansan, kusini-magharibi mwa Seoul, mwezi wa Septemba. Darasa la tano, kipindi cha hisabati. Ubaoni kuna swali la mstari mmoja:

23 이상 30 미만인 자연수는 모두 몇 개입니까?

Husomwa hivi: *23 isang 30 miman-in jayeonsu-neun modu myeot gae-imnikka?* Namba za kuhesabia zinazoanzia 23 na kupanda, lakini zisizofika 30, ziko ngapi? Jibu ni 7.

Kijana mmoja hajaandika kitu. Alihamia kutoka Uzbekistan mwaka uliotangulia. Dakika kumi kabla ya kengele alikuwa ukumbini akigombania mpira kwa Kikorea cha haraka, na misimu ya mtaani yote anayo. Mwalimu anainama na kumuuliza, "Isang ni nini?"

"Ajabu," anajibu.

Na hajakosea. Watoto wakiona kitu cha kushangaza husema *isanghae*. Neno analolijua ni la uwanjani, na swali linatumia jingine la kitabuni, lenye sauti na tahajia ileile. Kwake swali linasema kwamba 23 ni ya ajabu.

Mwalimu wa darasa akiulizwa kuhusu mtoto wa namna hii, mara nyingi jibu ni lilelile: "Kikorea? Hana shida, anaongea vizuri." Hiyo sentensi ndiyo iliyonikaa kichwani wiki kadhaa hizi, kwa sababu hutolewa kama habari njema, na papo hapo ndiyo inayomtoa mtoto katika darasa la lugha kabla hajaiva.

## Miaka miwili tu

Mwaka 2012 wanafunzi wa familia zenye asili ya nje katika shule za Korea Kusini walikuwa hawafiki 50,000. Mwaka 2023 walipita 180,000. Wengi wao wamezaliwa hukohuko na Kikorea ndiyo lugha yao. Ninaowasema hapa ni wale walioingia katikati: Warusi wa lugha lakini Wakorea wa damu, wajukuu na vitukuu wa wale waliohamishwa kwa nguvu na Stalin mwaka 1937 kupelekwa Asia ya Kati, Wachina, Wavietinamu, Wamongolia. Wanafika wakiwa na miaka kumi au kumi na moja. Wanajua kusoma, wanajua kugawa na kuzidisha, wana msimamo na wana aibu.

Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, alitenganisha mambo haya tangu mwaka 1979: lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni vitu viwili, na havikui kwa kasi moja. Ya kwanza huchukua kama miaka miwili. Ya pili huchukua mitano hadi saba.

Sasa piga hesabu. Darasa la tano huanza Machi. Darasa la sita huisha Februari, na Machi inayofuata mtoto yuko shule ya kati. Aliyefika mwanzoni mwa darasa la tano ana miaka miwili kamili, yaani muda wa lugha ya mazungumzo peke yake.

Ukisubiri aongee vizuri kwanza ndipo umpe lugha ya vitabu, shule ya msingi itakuwa imekwisha.

Mtaala wenyewe unalijua hilo. Kikorea kama lugha ya pili kilipata mtaala wake wa kitaifa mwaka 2012, ukarekebishwa mwaka 2017, na vitabu vipya vikatoka mwaka 2019 vikiwa na njia mbili: vitabu vinne vya mawasiliano kwa madarasa ya juu, na kingine cha "zana za kujifunzia" kwa darasa la tano na la sita. Tatizo ni jinsi vinavyotumika. Vile vinne husomeshwa kimoja baada ya kingine, na kile cha zana hubaki rafuni kikingoja zamu. Kwa maoni yangu vinatakiwa kufunguliwa pamoja, mara tu herufi zikishakaa.

## Herufi kwa wiki tatu, bila picha za bata

Mtoto wa darasa la kwanza hupewa miezi ya kujifunza Hangul, alfabeti ya Kikorea, kwa nyimbo na picha. Mtoto wa miaka kumi na moja ukimpa kitabu hicho, wenzake watakiona, na kesho hatakitoa kwenye mkoba. Mpe kitu kinachofanana na umri wake: sababu.

Hangul ina sababu. Ilibuniwa mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446 na Mfalme Sejong, na maumbo ya konsonanti zake yalichorwa kwa kufuata viungo vya kutamkia. ㄱ ni ulimi ukiziba koo. ㄴ ni ncha ya ulimi ikigusa juu, nyuma ya meno. ㅁ ni mdomo, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Ukiongeza mstari, sauti inapata nguvu: ㄱ inakuwa ㅋ, ㄴ inakuwa ㄷ kisha ㅌ, ㅁ inakuwa ㅂ kisha ㅍ. Mtoto mkubwa akishaona mantiki hiyo hukariri familia tano badala ya alama kumi na nne zilizotawanyika.

Mpangilio unaofanya kazi, kwa vipindi viwili vya dakika 40 kila siku, ni huu. Wiki ya kwanza: irabu sita, ㅏ ㅓ ㅗ ㅜ ㅡ ㅣ, zikiwa zimebebwa na ㅇ isiyo na sauti, kisha konsonanti mama tano na wana wao. Wiki ya pili: konsonanti za kukaza (ㄲ ㄸ ㅃ ㅆ ㅉ) na irabu za kuunganisha kama ㅘ na ㅝ. Wiki ya tatu yote iende kwa *batchim*, konsonanti inayokaa chini ya silabi.

Usipoteze muda kutenganisha ㅐ na ㅔ kwa sikio. Wakorea wengi wa leo wenyewe huzitamka sawa. Zifundishwe kama tahajia, neno kwa neno.

ㅓ na ㅗ ni kesi nyingine. Sikio la Mswahili huzisikia zote kama "o", na watoto wengi kutoka kwingine wana shida hiyohiyo. Hapa kioo kidogo cha mkononi kinafundisha kuliko maelezo: kwenye ㅗ midomo inajikunja duara na kutokeza mbele, kwenye ㅓ taya linashuka na midomo inalala. Mtoto ajiangalie, aseme *o, eo, o, eo*, na mwenzake abashiri kwa kutazama mdomo tu, bila kusikiliza.

## Ukanda wa karatasi

Moto ni 불 (*bul*). Majani ni 풀 (*pul*). Pembe ya mnyama ni 뿔 (*ppul*). Mwezi wa angani ni 달 (*dal*), kinyago ni 탈 (*tal*), binti ni 딸 (*ttal*).

Kata ukanda wa karatasi laini ya kujifutia, upana wa vidole viwili, uushike sentimita tano mbele ya midomo. Kwa *pul* karatasi inaruka. Kwa *bul* inatikisika kidogo. Kwa *ppul* haisogei kabisa, kwa sababu hewa imezuiwa kooni.

Watoto wa Kirusi ndio wanaohangaika zaidi, kwani lugha yao ina *b* na *p*, na *p* yao haina pumzi. Wakitaka kusema "majani" wanasema "pembe", na hawasikii kosa. Ukiwaambia "tia nguvu" wanazidi kuharibu: nguvu ndiyo inayotengeneza ㅃ. Waambie watoe pumzi.

Kuna msaada ambao walimu wengi hawautaji. Katika Kikorea cha Seoul cha kizazi cha sasa, neno linaloanza na ㅍ, ㅌ au ㅋ huanza kwa sauti ya juu kuliko linaloanza na ㅂ, ㄷ au ㄱ. Mtoto asiyeweza kushika tofauti ya pumzi anaweza kushika tofauti ya kupanda na kushuka kwa sauti, hasa Mchina au Mvietinamu ambaye lugha yake ya nyumbani ina toni.

Zoezi lisizidi dakika tano kwa siku. Likizidi, watoto wanaanza kulichezea na karatasi zinajaa sakafuni.

## Konsonanti za chini, na imla yenye rangi mbili

Kiswahili kinapenda silabi ziishie kwa irabu, kwa hiyo msomaji atanielewa nikisema kwamba *batchim* ndipo safari inapokuwa ngumu. Chini ya silabi zinaweza kuandikwa herufi nyingi, lakini sauti zinazotoka ni saba tu: k, n, t, l, m, p, na *ng'* ileile ya ng'ombe. ㅅ, ㅈ, ㅊ, ㅌ zikikaa chini mwishoni mwa neno, zote hutoka kama t iliyokatwa.

Halafu silabi inayofuata ikianza na irabu, konsonanti ile inahama na kupata sauti yake halisi. 꽃 (ua) husomwa *kkot*. 꽃이 husomwa *kkochi*. Na 꽃만 husomwa *kkonman*, kwa sababu m imeivuta jirani yake puani. Neno moja, sauti tatu, tahajia ileile.

Imla ya shule za Korea kwa kawaida ni sentensi kumi, na alama huhesabiwa kwa sentensi. Mtoto anaandika 조아요 badala ya 좋아요, 가치 badala ya 같이, 궁물 badala ya 국물. Anapata sifuri. Mwalimu anasema hajasoma.

Mtoto huyo amesikia sawasawa kabisa. *Joayo*, *gachi* na *gungmul* ndivyo yanavyotamkwa.

Sahihisha kwa kalamu mbili. Bluu kwa kosa la mtoto aliyesikia vizuri akaandika alichosikia. Nyekundu kwa kosa la kusikia vibaya, mfano 저아요. Makosa haya yana dawa tofauti. La bluu linahitaji macho: aone neno limeandikwa mara nyingi, alikate katika mizizi yake, ajue kwamba 좋다 inabeba ㅎ hata pale isiposikika. La nyekundu linahitaji kurudi kwenye kioo na karatasi. Daftari likianza kuwa la bluu tupu, mtoto ameshavuka hatua kubwa hata kama alama zake bado ni mbaya, na mwalimu wa darasa aambiwe hivyo waziwazi ili asimkate moyo.

## Namba 10 kwenye orodha ya chakula

Maandishi ya kwanza ya kusoma yasitoke kitabuni. Yatoke ukutani.

Kila shule ya Korea hutoa orodha ya chakula cha mchana, na pembeni ya kila chakula kuna namba ndogo za vitu vinavyoweza kudhuru au kukatazwa. 1 ni mayai, 2 maziwa, 4 karanga, 9 uduvi, 10 nguruwe, 15 kuku, 16 ng'ombe. Kwa mtoto wa Kiislamu kutoka Uzbekistan hiyo namba 10 si zoezi la darasani. Ni jambo analolihitaji leo saa sita mchana.

Somo linajipanga lenyewe. "Leo kuna namba 10?" Jibu ni *isseoyo* (ipo) au *eopseoyo* (haipo). "Iko kwenye chakula gani?" Mtoto anatafuta jina, analisoma kwa sauti, anaandika 돼지고기 (*dwaejigogi*, nyama ya nguruwe). Namba zenyewe zinasomwa kwa mfumo wa asili ya Kichina, *il, i, sam, sa*, na ukifika 16 utaona kitu: huandikwa 십육, *sip* na *yuk*, lakini hutamkwa *simnyuk*. Ile kanuni ya sauti kuvutana puani imejileta yenyewe mezani.

Baada ya orodha ya chakula njoo ratiba ya vipindi, kisha daftari la matangazo ya nyumbani, *allimjang*, lenye neno 준비물, vitu vya kuja navyo. Asiyelisoma neno hilo huja bila rangi siku ya sanaa, na darasani anahesabiwa mzembe.

Saa ifundishwe mapema na polepole, maana inachanganya mifumo miwili ya namba ndani ya sentensi moja: saa zinahesabiwa kwa namba za Kikorea asilia na dakika kwa zile za Kichina. Saa ya ukutani ikionyesha 3:20, husomwa *se si isip bun*. Hakuna njia ya mkato. Kila siku anayeingia darasani aulizwe saa ngapi, basi.

## Heshima iko mwishoni mwa kitenzi

Sisi tukishaamkiana shikamoo na marahaba, tunaendelea kuongea na vitenzi vyetu vya kila siku. Mkorea hana raha hiyo. Kila kitenzi anachofunga kinasema yeye ni nani mbele ya anayeongea naye.

Vitabu vya wageni huanza na umbo la adabu lenye *-yo*, na hapo ndipo mtoto wa darasa la tano anapoanza kuumia, kwani wenzake wa rika moja hawaambiani *-yo*. Akiwaambia "twende tukacheze" kwa adabu zote, wanamcheka. Akijifunza uwanjani akaja nayo darasani, anamjibu mwalimu *eung* badala ya *ne*, au anamwita *neo*, "wewe", na chumba kizima kinanyamaza.

Yafundishwe siku moja, kwa safu mbili. Upande wa mwalimu: *ne*, *jeo* (mimi), *haeyo*, na badala ya "wewe" anasema *seonsaengnim*, mwalimu. Upande wa rafiki: *eung*, *na*, *hae*, na jina lenye *-a* au *-ya* mwishoni. Igizeni: mwalimu anaweka kofia akiwa mwalimu, anaivua akiwa rafiki, na mtoto anabadilisha sentensi ileile papo hapo. Baada ya wiki mbili hivi ulimi unaanza kugeuka wenyewe.

Kuna safu ya tatu ambayo husahaulika. Kitabu cha kiada hakiongei kama mwalimu wala kama rafiki. Maelezo yake huishia kwa *-da*, na maagizo yake kwa *-bopsida* au *-boseyo*: 알아봅시다, tuchunguze, 나타내어 보세요, onyesha. Mtoto anaweza kuongea na kila mtu shuleni na bado asitambue kwamba kitabu kimemwagiza kitu.

Orodhesha vitenzi vya maagizo, vibandike juu ya meza yake. Kumi vinatosha kwa kuanzia: tafuta, linganisha, eleza, chora, onyesha, panga, jumlisha, kadiria, chagua, andika sababu.

## Kusoma sentensi kuanzia mkiani

Turudi kwenye lugha ya vitabu, maana hapa ndipo muda wa mwalimu unapaswa kwenda.

Mfano wa historia, somo ambalo katika vitabu vya mtaala wa 2015 lilikuwa muhula wa pili wa darasa la tano: 고구려를 세운 사람은 주몽입니다. Kwa Kiswahili: aliyeanzisha Goguryeo (ufalme wa kale wa Korea) ni Jumong. Kwa mpangilio wa Kikorea: Goguryeo – aliyeanzisha – mtu – Jumong – ni. Maelezo yote ya nomino yanatangulia nomino yenyewe. Mrusi na Mvietinamu, kama Mswahili, wamezoea kuanza na mtu kisha kumweleza. Wakisoma kuanzia kushoto wanakutana na maelezo ya kitu ambacho hakijatajwa, na wakifika katikati wameshapotea.

Hatua ni tatu, kwa penseli.

Kwanza, nenda mwisho wa sentensi, zungushia kitenzi. Pili, tafuta nomino yenye *-eun* au *-neun* na uipigie mstari. Tatu, angalia neno linaloitangulia, kushoto kwake: likiishia kwa ㄴ inayofungua maelezo, kama 세운 au 미만인, chora upinde kutoka kwenye nomino kurudi nyuma mpaka maelezo yanapoanzia. Kilichomo chini ya upinde kinajibu "yupi?"

Kwa swali la Ansan, upinde unaanzia kwenye 자연수, namba, unarudi nyuma kufunika "23 isang 30 miman". Namba zipi? Hizo. Sasa kimebaki kibarua cha maneno mawili.

Mawili hayo ni ya kundi la maneno manne: *isang*, *iha*, *chogwa*, *miman*. Kuanzia hapo na kupanda; kuanzia hapo na kushuka; zaidi ya hapo; chini ya hapo. Kwenye mstari wa namba, mawili ya kwanza yana duara lililojazwa na mawili ya mwisho duara tupu. Anayesahau duara tupu huhesabu na 30 ndani, anapata 8. Kosa hili hulifanya hata mtoto wa Kikorea, kwa hiyo usilihesabu kuwa kosa la lugha mpaka umemuuliza alihesabuje.

Na maneno hayo yako mtaani. Filamu huandikwa 12세 이상, kuanzia miaka 12. Duka huandika 19세 미만 kwa wasioruhusiwa kununua pombe na sigara. Lifti ikijaa hutangaza *chogwa*. Watoto wapige picha, walete, wabandike chini ya mstari wa namba.

## Mizizi, na mahali inapodanganya

Msamiati wa masomo ya Kikorea kwa sehemu kubwa una asili ya Kichina, na silabi zake hujirudia. Mtoto anayepanda *jihacheol*, treni ya chini ya ardhi, tayari anayo *ha* ya *iha*. Anayepanda *oksang*, juu ya paa, anayo *sang* ya *isang*.

Kwenye hisabati faida ni kubwa zaidi. *Su* ni namba: *jayeonsu*, namba za kuhesabia, *bunsu*, sehemu, *sosu*, desimali, *yaksu*, vigawanyo, *baesu*, vigawe. Kisha linakuja dubwana la darasa la tano, 최대공약수, *choedae-gong-yaksu*. Likatwe vipande: kubwa kabisa – shirika – kigawanyo. Ni KKS ileile tuliyokariri darasani. Na *choeso-gong-baesu* ni KDS, kigawe kidogo cha shirika. Mtoto aliyesoma hisabati vizuri Tashkent anajua kuitafuta KKS. Amekwama kwenye jina tu.

Hapa lakini nina mashaka na wanaofundisha mizizi kama kanuni. *Su* ya *suyoil* (Jumatano), *suyeong* (kuogelea) na *sueop* (kipindi) haihusiani na namba hata kidogo. Mtoto akipewa kanuni "su ni namba" ataona namba kila mahali. Mpe familia ya maneno matano aliyokwisha kukutana nayo, kisha simama. Na herufi za Kichina zenyewe? Kwa mtoto aliyetoka China, ziandike pembeni, zitamwokolea miezi. Kwa mtoto wa Kirusi ni mzigo juu ya mzigo.

## Atolewe kipindi gani

Hili linabishaniwa kila Machi. Mwalimu wa lugha anamhitaji mtoto vipindi kumi au zaidi kwa wiki, na vyote vinakatwa kwenye ratiba ya darasa lake. Desturi ni kukata Kikorea cha wenyeji na maarifa ya jamii, kwa hoja kwamba huko haelewi kitu.

Nakubali kwa cha kwanza. Cha pili nakubali kwa muhula mmoja, si zaidi, kwani maarifa ya jamii ndilo somo lenye maneno ambayo hayapatikani kwingine, na pengo la hapo halizibiki kwa mazungumzo. Hisabati isiguswe: ndiko mahali anapoweza kuwapita wenzake wiki ya kwanza, na hadhi hiyo anaihitaji. Michezo, muziki na sanaa pia visiguswe. Huko ndiko anakopata marafiki, na marafiki ndio walimu wa lugha ya mazungumzo, bure.

Wapo wasiosema neno kwa miezi miwili au mitatu. Wasilazimishwe, wajibu kwa kadi, kwa kunyoosha kidole, kwa kuandika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni yule aliyehamahama mpaka hata lugha ya nyumbani haisomi vizuri. Nilichosema kuhusu kufungua vitabu viwili pamoja kinamfaa aliyekuja na msingi. Huyu mwingine hana dhana ya kigawanyo katika lugha yoyote, na kumkatia neno vipande hakutamsaidia. Yeye anahitaji mtu wa lugha yake wa kumfundisha hisabati yenyewe, na shule nyingi huyo mtu hazina.

Programu za kutafsiri ziruhusiwe kwa ujumbe wa dharura na kwa neno moja moja. Sentensi nzima ya swali la hisabati ikitafsiriwa, mtoto atapata jibu na hatachora upinde. Afadhali kamusi ya msingi ya mtandaoni ya Taasisi ya Kitaifa ya Lugha ya Kikorea, yenye maneno yapatayo 50,000 na tafsiri za Kirusi, Kivietinamu, Kimongolia, Kiarabu na nyinginezo. Kiswahili hakimo.

## Anatoka lini

Mahojiano yasiwe ndiyo mtihani wa kumtoa. Mahojiano hupima lugha ya ukumbini.

Mpe aya ya sentensi tano kutoka kitabu cha maarifa ya jamii ambayo hajawahi kuiona, achore upinde penye maelezo, kisha aieleze kwa maneno yake kwa dakika moja, akitumia *-gi ttaemune*, "kwa sababu", angalau mara moja. Mpe maswali matatu ya hisabati ya maneno ambayo hesabu zake ni nyepesi kabisa, ili akikosa ujue ni lugha. Msomee kitabu kwa dakika tatu, aandike vidokezo, uvitazame: kama ameandika kila alichosikia, bado hajajua kipi ni kikubwa, kama ameandika nomino tupu bila vitenzi, bado hafiki mwisho wa sentensi.

Akishinda viwili kati ya vitatu, apunguziwe vipindi hadi viwili kwa wiki, asifutiwe. Vipindi hivyo viwili viandaliwe kwa kurasa za wiki ijayo, si za wiki iliyopita: maneno manane ya sura inayokuja, sentensi mbili ndefu zilizokwisha kuchorwa upinde, na swali moja ambalo ataweza kulijibu mbele ya darasa.

Shule ya kati kila somo lina mwalimu wake, na hakuna mmoja anayekaa naye siku nzima. Karatasi inayomfuata huko iambatanishwe na ile aya, yale maswali matatu na vile vidokezo, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, pamoja na imla yake ya mwisho yenye rangi mbili. Mwalimu wa historia akiviona hivyo mwezi Machi atajua aanzie wapi.